Ambrose Garrod, Fundi Aliyezifunika Nyumba na Kuzifunua

Kasisi Dorling, ndugu na jamaa mliotoka karibu na mbali, wanakijiji wenzetu wa Hessingfield, na ninyi mafundi mliokuja na mikono ambayo haijatakata vizuri, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mzee wetu, Ambrose Ezra Garrod, kama alivyoyaandika mwenyewe kwa kalamu ya seremala nyuma ya kalenda ya mwaka 2016, pamoja na machache yaliyoongezwa na binti yake Averil, ambaye ndiye anayesoma. Marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu usomaji huu, kwamba usiwe mrefu kiasi cha chai ya ukumbini kupoa, na kwamba kosa lake lisomwe kwa sauti ile ile ya mambo mengine, wala lisimung'unywe. Agizo la kwanza huenda likatushinda, maana mnajua tulivyo wana Garrod tukianza kusema, lakini la pili litatekelezwa.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Novemba 1934, hapa hapa Hessingfield, katika nyumba ya mwisho kwenye njia ya kinu, akiwa mtoto wa tatu na mvulana wa pekee wa mzee Ezra Garrod, fundi lipu, na mkewe Keziah. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache na chokaa nyingi, na hakuna ukuta wa zamani katika vijiji vitano vya jirani ambao hakuupitishia mwiko, kama walivyofanya baba yake na babu yake kabla yake, kwa ufundi ambao haukuandikwa popote. Siku hizo nyumba zetu za kale, zile za kiunzi cha mwaloni zilizosimamishwa enzi za malkia ambao hata Kasisi hawakumbuki, zilizibwa katikati ya nguzo kwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe, kisha zikavikwa lipu ya chokaa yenye nywele za ng'ombe ndani yake, na kila baada ya miaka michache kabla ya sikukuu ya Pentekoste zikapakwa chokaa nyembamba yenye rangi ya waridi. Ambrose alikua akidhani watoto wote duniani huenda shule wakinuka samadi.

Alianza masomo mwezi Septemba 1939 katika shule ya kijiji, chini ya Mwalimu Thirza Peck, ambaye wengi wenu wenye mvi mlipitia mikononi mwake, na ambaye alimfundisha hesabu kwa miaka minne bila mafanikio ya kujivunia. Alipenda kuchora kuliko kuandika, akachora nyumba ya Mwalimu huyo, ile iitwayo Pightle, mara nyingi kuliko kitu kingine, kwa sababu ghorofa yake ya juu imejitokeza mbele ya ile ya chini kama mtu anayechungulia barabarani, na kwa sababu sakafu zake zimelala upande kiasi kwamba yai likidondoka jikoni bila kuvunjika litakwenda lenyewe mpaka sebuleni. Alimaliza shule mwezi Desemba 1949 akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akaingia kazini kwa baba yake.

Tarehe 3 Februari 1953 aliitwa jeshini kama vijana wote wa rika lake, akapangiwa kikosi cha wahandisi, akapelekwa Ujerumani, na huko ndiko alikokutana na saruji. Anaandika katika kalenda yake kwamba aliipenda kama kijana anavyompenda msichana wa mjini, kwa kuwa ilikuwa ngumu, ilikauka haraka, haikuhitaji kukanyagwakanyagwa wala kusubiriwa, na ukiimwaga leo kesho unaegesha lori juu yake. Aliporudi nyumbani mwezi Machi 1955 hakutaka tena kuisikia chokaa. Alimwambia baba yake kwamba ufundi wa samadi umepitwa na wakati, na mzee Ezra, ambaye hakuwa na tabia ya kubishana, akamwambia kwamba mwanajeshi akirudi nyumbani huvua buti mlangoni, kisha akaendelea kuchekecha mchanga.

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Juni 1958, katika kanisa hili hili, marehemu alifunga ndoa na Bi Enid Borrett, binti wa mwoka mikate, msichana aliyejulikana kwa kucheka polepole na kukumbuka kila kitu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Averil aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1960, na Roland aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1963, ambaye yuko nasi leo kutoka New Zealand. Waliishi kwa amani miaka hamsini na mitatu, mpaka mama yetu alipotangulia tarehe 30 Novemba 2011, na ugomvi wao mkubwa tunaoukumbuka ulihusu buti na zulia.

Sasa linakuja lile aliloagiza lisomwe. Kati ya mwaka 1956 na mwaka 1979 marehemu alizivua nyumba ishirini na nne za Hessingfield na vijiji vya jirani lipu yao ya chokaa, au akaiacha humo humo na kuifunika, akazivika saruji. Waliokuwa nazo walimshukuru, majirani waliona wivu, na kila mtu alisema kwamba mtoto wa Ezra amezifanya nyumba za mababu ziwe kavu na safi kama za mjini. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli, lakini msemo wenyewe hautuambii uzibe kwa kitu gani.

Nyumba ya tano kati ya hizo ilikuwa Pightle. Lipu ya ukuta wake wa mashariki ilianza kubanduka katika masika ya mwaka 1960, na mzee Ezra, akijua kwamba kazi kubwa inakuja, akachimba shimo uani kwake, akazima chokaa humo kwa kuimwagia maji, akaifunika iive, kama desturi ilivyokuwa, maana chokaa nzuri huzimwa mapema na hutumiwa na mwenye subira. Lakini mwezi Mei 1961 Ambrose alikwenda kwa Mwalimu Thirza peke yake, akamwonyesha picha za nyumba alizokwisha kuzifunika, na Mwalimu, ambaye alikuwa amechoka na unyevu na alimpenda mwanafunzi wake, akakubali saruji. Mzee Ezra alipopata habari alivuka barabara, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akamkuta mwanawe juu ya ngazi, akasema yale maneno ambayo marehemu ameyaandika kwa herufi kubwa.

"Nyumba ile inapumua, Ambrose. Ukiiziba pua, haitakufa leo. Itakufa ukiwa na akili za kujuta."

Ambrose alimjibu, "Baba, mavi ya ng'ombe hayajawahi kuzuia mvua," na watu waliokuwa wakipita wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao, na mzee akarudi nyumbani, akalifunika shimo lake kwa magunia mabichi na mabamba ya udongo wenye nyasi, hakulitaja tena. Mzee Ezra alifariki tarehe 11 Oktoba 1966. Mwaka uliofuata mwanawe alinunua gari la kazi, akamwaga zege uani juu ya shimo hilo ili apate pa kuliegesha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu la marehemu lilichelewa sana kuvunjika, na hilo ndilo lililomponza. Siku ya Jumanne, tarehe 12 Aprili 1983, Mwalimu Thirza, aliyekuwa amestaafu na kutimiza miaka sabini, alimwomba apite amrandie mlango wa jikoni, kwa sababu ulikuwa haufungi. Ambrose alifika na randa yake, akaona kwamba mlango hauna tatizo, fremu ndiyo iliyoshuka, akatoka nje, akapiga magoti, akagonga saruji karibu na ardhi, ikalia kama chungu kitupu. Akabandua kipande kidogo, na nyuma yake akaiona ile boriti ya chini, ile inayolala juu ya msingi wa mawe na kubeba nguzo zote za upande ule, akaisukumia patasi yake kwa mkono tu, bila nyundo, ikazama mpaka kwenye mpini.

Wasiokuwa mafundi wataelezwa kwa kifupi. Saruji ni ngumu na nyumba ya mwaloni hucheza, hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo saruji hupasuka nyufa nyembamba kama nywele, maji ya mvua huingia kwa hizo nyufa, na yakishaingia hayana pa kutokea, hushuka ndani ya ukuta mpaka kwenye boriti ya chini, yakakaa. Chokaa ilikuwa ikilowa na kukauka, ikilowa na kukauka, kwa miaka mia nne, na mwaloni ulikaa mzima. Saruji iliumaliza kwa miaka ishirini na miwili.

Alichokifanya alasiri ile si kitu cha sifa, na hakujipamba. Alichanganya saruji kidogo, akaliziba lile tundu, akalainisha kwa mwiko, akaingia jikoni, akamwambia Mwalimu kwamba mlango umevimba kwa mvua, akaranda kidogo chini, akanywa chai aliyopewa. Kisha kwa siku ishirini na sita akawa mtu ambaye nyumbani kwetu hatukumfahamu. Hakula vizuri, na mama alipomuuliza alisema ni tumbo. Alipita barabarani akiinamisha kichwa kila alipofika kwenye nyumba aliyoifunika, na njia ya kinu peke yake ilikuwa nazo sita. Alijua kwamba Pightle ikiachwa itamwangukia mama mzee aliyemfundisha kusoma, alijua kwamba mkaguzi wa majengo akiiona atasema ibomolewe, na alijua kwamba akifungua kinywa, nyumba nyingine ishirini na tatu zitamwuliza swali hilo hilo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa maradhi yalikuwa yake na kifo kingekuwa cha mwingine, na hilo, anasema, lilimtia aibu.

Jumapili, tarehe 8 Mei 1983, baada ya ibada, alikwenda Pightle, akasimama jikoni na kofia mkononi kama alivyokuwa akisimama mbele ya ubao.

"Mwalimu," akasema, "mlango wako hauna ugonjwa. Nyumba inaoza, na aliyeiozesha ni mimi."

Mwalimu Thirza akaweka chini sufuria ya viazi, akamwuliza amelijua hilo tangu lini. Akajibu kwamba tangu siku ishirini na sita zilizopita.

"Angalau hesabu zako zimekuwa sahihi," Mwalimu akasema. "Siku zote ulikuwa unachelewa, Ambrose, lakini ulikuwa unafika. Keti unywe chai, kisha uniambie tunaanzia ukuta gani."

Kazi ya Pightle ilichukua majira matatu ya kiangazi, kuanzia mwaka 1983 hadi 1985, kwa sababu chokaa haivumilii baridi kali, hufanywa kati ya Mei na Septemba tu. Saruji ilitolewa kipande kwa kipande, nyumba ikanyanyuliwa kwa jeki kumi na moja, boriti iliyooza ikakatwa urefu wa futi kumi na nane, na mwaloni mbichi ukaingizwa mahali pake na seremala kutoka kijiji jirani, ambaye alizikuta kwenye viungo alama zilizochongwa na mafundi wa kwanza, mstari mmoja, miwili, mitatu, kwa maana kiunzi kizima kilikatwa na kuunganishwa kikiwa kimelala kwenye uwanja wa seremala, kikatiwa namba, kikafunguliwa, kikabebwa kwa mikokoteni na kuja kusimamishwa hapa. Marehemu anasema kwamba alizigusa alama zile akaona haya, kwa kuwa watu wale walikuwa wamefanya kila waliloweza ili atakayekuja nyuma asikosee.

Lakini lipu ilimshinda. Alinunua chokaa ya unga dukani, akaichanganya kama alivyodhani anakumbuka, akaupaka ukuta mara tatu, na mara tatu ikabanduka na kudondoka chini kwa mapande. Wazee waliokuwa wakijua walikuwa wamelala hapo nje, upande wa kaskazini wa kanisa, na yeye aliyefundishwa bure alikuwa ameyasahau mafundisho kwa kuyadharau. Majuto ni mjukuu, na kwa mara ya kwanza alisema mezani kwamba angetoa chochote amwulize baba yake swali moja tu. Mama akaendelea kupaka siagi mkate wake, kisha akasema kwa ule upole wake, "Baba yako hawezi kukujibu. Ila shimo lake liko chini ya gari lako."

Marehemu hakumaliza chakula. Aliliondoa gari, akalivunja zege lake mwenyewe kwa siku mbili, akakuta udongo, kisha nyasi zilizooza, kisha mabaki ya magunia, na chini ya magunia chokaa aliyoizima mzee Ezra miaka ishirini na mitatu iliyopita kwa ajili ya ukuta wa mashariki wa Pightle, nyeupe, mbichi, laini kama siagi, inakatika kwa koleo na kusimama. Ilikuwa imeiva kuliko chokaa yoyote aliyopata kuishika maishani mwake. Aliketi juu ya vipande vya zege, akalia kwa sauti, mikono yake ikiwa magotini. Hilo hakuagiza lisomwe. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, akamwona, na ameona liwemo.

Basi Pightle ilivikwa chokaa iliyokuwa yake tangu mwanzo. Nywele zilitoka kwa mtengeneza ngozi, udongo ulitoka kwenye bwawa la nyuma, samadi ilitoka kwa ng'ombe wa Bwana Mothersole, na kwa kuwa kukandika ukuta wa fito ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wanaotupa udongo kwa wakati mmoja ili ukutane katikati na kushikana, Mwalimu Thirza alikataa katakata kuletewa mtu, akavaa buti za mpira na aproni ya zamani, akasimama ndani ya sebule yake mwenyewe akiwa na miaka sabini na moja. Nusu ya kijiji ilisimama barabarani kusikiliza sauti yake ikitoka katikati ya fito.

"Uko tayari, Ambrose?"

"Tayari, Mwalimu."

"Basi tupa, na safari hii tupa kwa nguvu, hapa ndani hatujengi keki."

Mwalimu Thirza aliishi Pightle, akiwa mkavu na mwenye maneno, mpaka tarehe 19 Januari 1996, na kwa hilo marehemu alimshukuru Mungu kuliko kwa jambo lingine lolote nje ya nyumba yake.

Mwezi Oktoba 1983, kabla hata ukuta mmoja haujamalizika, marehemu alichukua daftari, akaziandika nyumba zake zote, akaanza kwenda mlango kwa mlango kuwaambia wenyewe alichokitenda. Wengine walimkaribisha, wengine walimtolea ukali, mmoja alimfungulia mbwa. Katika miaka iliyofuata kumi na tisa kati ya hizo alizifungua na kuzivika upya kwa mkono wake, tatu zilifunguliwa na mafundi wengine waliojifunza kwake, ambao wamekaa pale kwenye viti vya nyuma wakidhani hawaonekani, na moja ilikuwa imekwisha kubomolewa mwaka 1977, nayo aliihesabu kuwa juu yake. Kila mwaka alizima chokaa mpya shimoni, akaandika tarehe kwenye ubao, na hakuwahi tena kuegesha kitu juu yake.

Ikabaki moja, nyumba ya Wafumaji, pale nyuma ya kanisa, ya Bwana Desmond Rayner, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa ya kusema. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kufunikwa, mwezi Juni 1979. Mke wa Bwana Rayner, marehemu Coral, alikulia katika nyumba yenye kuta zinazotiririka maji, na alitamani ukuta laini kuliko watu wengine wanavyotamani bustani. Aliichagua rangi yake mwenyewe, akasimama na Ambrose siku zote nne za kazi, akafurahi, na baada ya miaka miwili akafariki. Kwa hiyo Ambrose alipokwenda mara ya kwanza kumwambia Desmond kwamba ukuta ule lazima utoke, Desmond alimjibu kwamba ukuta ule si wa Ambrose tena, na si wake yeye pia.

Tangu mwaka 1984 mpaka mwaka jana, kila mwezi Mei, marehemu alivaa kofia yake safi, akachukua chupa ya achari ya vitunguu, akaenda kuomba. Hawakugombana hata siku moja. Walikunywa chai, wakazungumzia maharage, na mwishoni Desmond angesema, "Mafundi wengine hulipwa kwa kujenga, Ambrose, wewe unaomba ruhusa ya kuvunja," na Ambrose angesema kwamba atarudi mwakani. Mara thelathini na tano. Lakini mwaka hadi mwaka aliuona ukuta ule wa kusini ukitoa tumbo mbele, kidogo kidogo, na alijua boriti ya chini inafanya nini, na kila aliporudi alikaa muda mrefu bila kuvua kofia.

Marehemu aliacha kupanda ngazi mwaka 2012 kwa amri ya daktari, na kuacha kuzishika ngazi za wengine mwaka 2017. Mwezi Septemba mwaka jana alianza kuishiwa pumzi, tukampeleka hospitali, ikaonekana kwamba moyo wake umechoka, akatibiwa, akarudishwa nyumbani tarehe 21 Desemba kwa ombi lake, kitanda kikawekwa karibu na dirisha la chini. Alikuwa mtulivu. Hakuogopa kufa. Lakini katika wiki ya mwisho, fahamu zikija na kuondoka, alikuwa na swali moja tu, na alimwuliza muuguzi, alimwuliza Roland kwa simu, alimwuliza Kasisi aliyekuja na Komunyo, kwamba je, Rayner ameanza? Wote walimjibu kwa upole kwamba bado, na kila alipojibiwa hivyo alifumba macho na mkono wake ukaenda juu ya blanketi kama unaotafuta ufa.

Siku ya Ijumaa, tarehe 1 Machi, saa tisa alasiri, alimwuliza binti yake. Averil Garrod, anayewasomea haya, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, mwanakwaya wa kanisa hili, alimwangalia baba yake usoni akamdanganya.

"Ameanza, Baba. Ukuta wa kusini."

"Na boriti ya chini?"

"Nzima."

Mkono wa marehemu ukatulia juu ya blanketi. Kisha akasema, kwa sauti ya kazini kabisa, "Mwambie asitie chokaa mpaka baridi iishe." Hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Alilala, na saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Jumamosi, tarehe 2 Machi 2019, akaiaga dunia akiwa na umri wa miaka themanini na minne, uso wake ukiwa umetulia kuliko tulivyouona tangu vuli.

Binti yake hakutulia. Alikuwa amemfunika baba yake kwa kitu kikavu na laini, kama yeye alivyomfunika Mwalimu, na damu hairithishi mambo mazuri peke yake. Alivumilia siku tatu. Jumanne alikwenda nyumba ya Wafumaji, akamwambia Bwana Rayner kila kitu, na kwamba atalisoma hili kanisani. Bwana Rayner akafunga mlango taratibu.

Jumapili iliyopita, tarehe 10 Machi, wale mliokuwa ibadani saa nne mtakumbuka kule kugongagonga kulikosikika wakati wa mahubiri, na Kasisi akasema kwamba kigong'ota mwaka huu amewahi. Hakuwa kigong'ota. Kwaya ilipotoka, Averil alimkuta Bwana Rayner, mwenye miaka themanini na mmoja, juu ya ngazi upande wa kusini, akiwa amevaa suti yake ya kanisani, na nyundo mkononi, na saruji ya rangi aliyoichagua Coral ikiwa imelala nyasini mpaka usawa wa dirisha. Alikuwa akilia na hakujificha. Alimwona, akasema, "Binti, umetoa ahadi kwa jina langu bila kuniuliza. Basi njoo ushike ngazi."

Boriti ya chini haikuwa nzima. Imeoza futi tisa upande wa pembe, na iliyobaki ni ngumu kama siku ilipochongwa. Mafundi wameitazama na wanasema inatibika, na kwamba mwaka mmoja zaidi isingetibika. Kipande kimoja cha ule ukuta, ukubwa wa sinia, kimeoshwa na kuwekwa juu ya meko ya Bwana Rayner.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu hospitalini, na hasa Muuguzi Philippa Snelling, aliyekuja nyumbani kila asubuhi, theluji ikiwepo, na ambaye alivumilia kufundishwa kuchanganya lipu. Inawashukuru majirani wa njia ya kinu kwa supu, kwa maandazi ya tufaha na kwa kumfukuzia marehemu paka, wapiga kengele, mafundi wenzake waliolibeba jeneza, na Kasisi Dorling kwa kuruhusu maneno yote haya mahali hapa. Chai iko ukumbini. Mnatangaziwa pia kwamba siku ya Jumamosi, tarehe 4 Mei, baridi ikiwa imekwisha, ukuta wa kusini wa nyumba ya Wafumaji utakandikwa kwa chokaa ya shimo la Garrod iliyozimwa mwaka 2015, na wanaotakiwa ni watu wa nje na watu wa ndani, wenye buti za mpira.

Baba, nililokuambia Ijumaa ile halikuwa kweli. Sasa ni kweli. Lala, umefika.